Kikopo Nakirudisha Kitupu

Itigi,
Jumapili mchana.

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya baba mpelekee, kama yuko kwenye ng'ombe msubiri arudi umpe. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Ile dawa ya kuchua niliyompa Elia akuletee, unapaka au umeifungia kwenye sanduku isiishe? Nakujua. Paka, mama, ikiisha nitatuma nyingine. Na alizeti mmeshavuna? Huku watu wanasema upande wa Ikungi mvua zilikata mapema, nikawa nawaza lile shamba la bondeni. Sisi tunaamka. Neema yuko darasa la pili, ameshaanza kunisahihisha nikiongea. Daudi kifua kilimbana wiki mbili zilizopita, sasa kimeachia. Baba Neema yuko porini kwenye mizinga, anarudi keshokutwa. Mimi mwili upo, mtoto wa tumboni anacheza, na huyo ndiye aliyenikalisha chini niandike.

Utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Simu iko kwa Elia, na mwanao huyo akipiga anaweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikia, na shangazi hata kama yuko kwa mbuzi atasogea. Haya si maneno ya sauti ya juu. Nimeandika herufi kubwa usipate tabu na miwani. Unajua niliishia la nne, nikikosea usinicheke, wewe uliyesoma kisomo cha watu wazima unanizidi mwandiko.

Siku ile uliponiuliza, "Sasa unakuja lini kujifungua, nianze kukusanya kuku?" nilinyamaza. Ukasema haloo, haloo, halafu nikakusikia unamwambia Elia mtandao umekata. Mama, mtandao haukukata. Nilinyamaza mimi. Nilishindwa kukujibu kwa sababu jibu lenyewe ni kwamba siji. Nataka nikueleze kuanzia mwanzo, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukikasirika katikati weka karatasi chini, kunywa uji, halafu urudi.

Mimba hii nilipoigundua nilikuwa navuta sigara tano, sita kwa siku, na siku ya gulio zinazidi. Pale ninapouzia chai na maandazi karibu na stesheni nilikuwa nauza na sigara moja moja, kwa hiyo hazikuwa mbali na mkono. Kliniki ya kwanza nilikwenda na miezi mitatu. Nesi wa pale ni mama wa makamo, mfupi, anavaa soksi nyeupe hata jua likiwaka. Anauliza kwa kufuata mistari ya kadi. Umezaa wangapi, umepoteza wangapi, una kisukari, unakunywa pombe, unavuta sigara. Nikasema sivuti. Kwenye benchi nyuma yangu alikuwepo binti mmoja wa kujisikia, mimba ya kwanza hata haijaonekana, akasema kwa sauti, "Jamani, huyu mwenzetu mbona ananukia kama treni ya zamani?" Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini. Nesi hakucheka. Akaandika kama nilivyosema. Nilipomaliza kutoa damu akaniita chumbani peke yangu, akafunga mlango.

"Mama Neema," akasema, "kadi imeandikwa huvuti. Sasa kadi tuiache hapo mezani, tuongee mimi na wewe."

Nikamwambia ukweli. Halafu nikatafuta pa kutokea, nikasema, "Lakini nesi, mama yangu alivuta mimba zote na sisi tupo."

"Mama yako alizaa wangapi?"

"Wanane."

"Mko wangapi?"

"Watano."

Akavuta kiti chake karibu yangu. Kisha akasema, na nakuandikia alivyosema bila kuongeza, "Mimi sisemi tumbaku ndiyo iliyowachukua wale watatu. Hakuna anayeweza kujua leo. Kulikuwa na malaria, kulikuwa na umbali wa hospitali, kulikuwa na mengi. Nasema tu, usihesabu waliobaki peke yao." Mama, usimchukie. Nilitaka nisikuandikie hili, nikaona nikilificha utajiuliza kwa nini nesi alinishinda mara moja. Mimi nawakumbuka wawili, yule wa kwanza nilikuwa sijazaliwa. Simlaumu mtu. Ulivuta kama bibi alivyovuta, na hakuna aliyekuja huko kwetu Sepuka kukuambia neno.

Akanieleza kwa mikono yake. Mtoto tumboni hapumui kwa pua, anapumua kwa damu yangu, inayopita kwenye kondo na kwenye kitovu. Nikivuta, ile hewa chafu ya moshi inakalia damu kama abiria aliyekalia kiti cha mwenzake, hewa nzuri inakosa pa kukaa, mtoto anapata pungufu. Sumu ya tumbaku nayo inabana mishipa, damu yenyewe inapita kidogo. Mtoto wa namna hiyo anaweza asikue vizuri, akazaliwa mdogo, au akaja kabla ya wakati, njiti, na kifua chake kikawa dhaifu. Kondo linaweza kubanduka kabla ya saa yake mama akamwaga damu nyingi. Akasema si kila anayevuta yanampata, ila anayevuta anayasogelea. Na akasema kitu kingine ambacho ndicho nilichotoka nacho: siku yoyote ukiacha mtoto anafaidi, hata kama umechelewa, ukiacha leo ile hewa chafu inaanza kutoka leo.

Nikamfikiria Daudi. Unakumbuka alivyozaliwa hapo nyumbani, ukasema ni kifaranga kilichonyeshewa, ukamfunga kifuani kwako kwa kanga siku nzima akapata joto. Ulimwokoa wewe, hilo sitalisahau. Nakumbuka pia kwamba akilala tulikuwa tunatoka nje mimi na wewe, tunakaa kwenye kile kigogo, unawasha moja, unanipa nusu. Tunarudi ndani tunamchukua tena. Hatukuwa tunajua. Na kile kifua chake mpaka leo kikibana nasikia kama mtu anakuna bati.

Lakini nisikudanganye, nesi hakuniachisha. Nilitoka pale nikavuta moja nyuma ya ukuta wa soko, tena kwa haraka kama mwizi. Aliyeniachisha ni Neema.

Ilikuwa Jumamosi, hana shule, amekaa na mimi pale kwenye chai. Akaja mlinzi wa stoo, mzee wa watu, akasema, "Mama Neema, niwashie moja." Mikono yangu iko kwenye unga wa maandazi. Nikasema bila kugeuka, "Neema, mwashie babu." Baadaye kidogo nikageuka. Mtoto ameinama kwenye jiko la mkaa na sigara mdomoni, mashavu yameingia ndani, anavuta. Ikashika. Akaanza kumpelekea, katikati ya njia akaona inataka kuzimika, akasimama, akaivuta tena mara mbili, akatoa moshi puani, akampa. Hata hakukohoa. Mzee akasema, "Asante mjukuu wangu, fundi kabisa."

Fundi kabisa. Mama, hayo ni maneno ya bibi. Unakumbuka bibi alivyokuwa anakaa kwenye kona yake, sigara ameigeuza, moto ndani ya mdomo kama wazee wanavyovuta, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa jikoni, "Rehema, kaniwashie." Ikizimika njiani narudishwa. Kwa hiyo nikajifunza kuivuta pale kwenye kizingiti, isife kabla sijamfikia. Nilikuwa mdogo kuliko Neema. Kwetu sijaona mtoto anayefundishwa kuvuta. Anafundishwa kuwasha.

Nikamwuliza Neema, umewasha mara ngapi? Akanijibu kama vile namuuliza idadi ya vikombe, "Kila nikija hapa, mama, ukiwa unakanda." Nilimaliza yale maandazi, sikumbuki yalitoka vipi. Jioni ile pakiti iliyobaki niliitia kwenye choo, na kesho yake nikaacha hata kuuza. Wateja walinuna. Kijana mmoja wa bodaboda akawa akipita anapiga kelele, "Mama Neema ana alosto leo, msimsogelee!" Alikuwa anasema kweli, hamu ya sigara ilikuwa inanitafuna.

Sasa nikueleze mwili ulivyonifanya, maana ulisema kwenye simu kichwa ni cha mimba. Si cha mimba. Siku ya kwanza niliimaliza kwa kiburi. Ya pili mikono ikawa haina kazi, naokota vijiti, navunja. Ya tatu ndiyo mbaya. Jasho, kichwa kinagonga, nilimtupia Baba Neema mwiko kwa sababu aliuliza chumvi iko wapi. Akauokota, akaufuta, akasema, "Chumvi nimeiona." Akatoka na watoto mpaka giza lilipoingia. Usingizi ukakatika. Choo kikafunga siku nne. Na kikohozi, mama, ambacho sikuwa nacho nilipokuwa navuta, kikaja nilipoacha. Nikamkimbilia nesi nikamwambia sigara ilikuwa dawa, ona nimeacha nakohoa. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema mapafu yameanza kufagia, taka lazima ipite mlangoni. Ninywe maji, nitembee, hamu ikija nihesabu pole pole au nitafune kitu, hamu haikai, inapita kama gari lisilosimama.

Wakati huo ndipo kikopo chako kilipofika.

Elia alikuambia nateseka, na wewe ukafanya kama mama. Nilifungua ule mfuko, nikakuta karanga, nikakuta mlenda mkavu, na chini kabisa kile kikopo cha bibi cha bati, kimejaa ugoro uliousaga mwenyewe, umeutia na magadi. Ukasema kwenye simu, "Mwanamke akiacha moshi asiachwe mikono mitupu. Huo hauna moshi, weka kidogo tu chini ya mdomo, kichwa kitatulia." Na kweli kikatulia. Siku ile ile. Nikalia kwa raha, nikasema hakuna kama mama.

Niliutumia wiki nne. Nilijiona mshindi. Sinuki, sikohoi, Neema hawashi kitu, na nikitema nafukia kwa mguu. Kliniki ya miezi mitano na nusu nilikwenda nimevaa kitenge kipya. Nesi akaniuliza sigara, nikamwambia kwa sauti benchi lisikie, "Nimeacha kabisa! Ni ugoro tu kidogo, aliniletea mama."

Akaweka kalamu chini. Hakunifokea, na heri angenifokea. Akasema, "Mama Neema, umemtoa nyoka mlangoni ukamwingiza dirishani." Akanieleza kwamba ile hewa chafu ya moshi kweli nimeikwepa, lakini sumu inayobana mishipa imo kwenye ugoro vile vile, inapita kwenye nyama ya mdomo mpaka kwenye damu, na magadi yanaisukuma ipite haraka zaidi. Mtoto hajui kama imekuja na moshi au imekuja na kikopo.

Akanilaza, akapima tumbo kwa futi ile ya kitambaa. Akapima tena. Akaangalia kadi. Akaweka kile kipembe chake cha kusikilizia moyo wa mtoto, akainamisha sikio, mimi naangalia dari, kuna mjusi, nakumbuka. Akasema moyo unapiga vizuri, ila tumbo liko chini ya miezi yake. Mtoto ni mdogo. Nirudi baada ya wiki tatu, na kama halijapanda ataniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Nikamwuliza ni kwa sababu ya ugoro? Akasema, "Inaweza kuwa chakula, inaweza kuwa damu, inaweza kuwa ugoro. Chakula nitakuambia ule nini, damu nitakupa vidonge. Ugoro ni wako."

Nilirudi kwa mguu, sikupanda pikipiki. Nilikuwa nahesabu. Nikakumbuka kwamba kila nilipoweka ugoro nilikuwa nakaa kwa utulivu, na mtoto naye anatulia muda mrefu, na mimi nikidhani ametulia kwa raha kama mimi.

Kuacha mara ya pili ni kugumu kuliko ya kwanza, mama. Mara ya kwanza nilikuwa na hasira ya kunisaidia. Mara hii nilikuwa na aibu tu, na aibu haina nguvu. Nililala na kile kikopo chini ya kitanda siku mbili, nakinusa bila kukifungua. Siku ya tatu nikamwaga ugoro wote kwenye shimo la taka, nikafukia. Nisamehe. Najua ulivyoumiza magoti kuusaga. Nikawa natafuna karanga zako badala yake, zile zilizokuja kwenye mfuko huo huo, kwa hiyo bado ni mkono wako ulionitoa.

Halafu kikatokea kitu ambacho sikukitegemea. Mwezi uliopita Baba Neema na mwenzake, Mzee Juma, walirina asali, wakaleta ndoo sita hapa nyumbani kusubiri mnunuzi. Unajua mimi siku zote nikipewa asali nionje nasema tamu, basi. Baba Neema anasema naonja kama anayeonja maji. Siku hiyo nilikuwa nachuja, nikalamba kidole, nikasikia ua. Sijui nikuelezeje. Kulikuwa na utamu, halafu nyuma yake kitu kama majani baada ya mvua. Nikalamba ndoo ya pili, ni nyingine, nzito, chungu kidogo mwishoni. Nikaita, "Baba Neema, hizi hazifanani!" Mzee Juma akasema, "Leo ndiyo umejua?" Nikaendelea mpaka ya tano, nikatema.

"Hii ina moshi."

Mzee Juma akacheka sana. "Wewe shemeji ndiye una moshi. Umevuta miaka yote hiyo, utaacha kusikia moshi kila mahali?"

Baba Neema akaonja. Akaonja tena, akafumba macho. Akaibeba ile ndoo akaiweka kando. Ilikuwa ya mizinga ya Mzee Juma, anatumia mwenge wa majani mabichi na hana subira, anawajazia nyuki moshi mpaka unaingia kwenye masega. Mnunuzi alipokuja akaonja tano akazichukua, akauliza ile ya kando ina nini. Baba Neema akamjibu, "Imekula moshi." Yule akasema, "Afadhali mmesema, ningeirudisha yote." Jioni nikamwuliza Baba Neema kama asali hiyo haiwezi kuchemshwa, kuoshwa, chochote. Akasema, "Ikishaingia haitoki. Hii ni ya wapika pombe. Ila mzinga hauna kosa, ukiwaacha nyuki watulie wanajaza nyingine." Akaenda zake kulala. Siku hizi ananiita mwonjaji, na hapeleki tena asali kwa mnunuzi kabla sijaweka kidole.

Baada ya zile wiki tatu za nesi nilirudi kliniki. Nesi akapima, na yeye hana maneno mengi, akanionyesha vidole viwili. Tumbo limepanda vidole viwili. Akaandika. Wiki hii nimekwenda tena, limepanda tena, bado halijafika linapotakiwa lakini linaelekea. Mtoto ananipiga teke mpaka kikombe nilichoegemeza tumboni kinaruka, Daudi anakaa kusubiri kikombe kiruke. Nesi amesema kwa sababu Daudi alizaliwa mdogo, na huyu alianza vibaya, nijifungulie hospitali penye daktari, nisiende mbali miezi hii ya mwisho. Hiyo ni sababu moja ya kutokuja, na hiyo unaweza kumwambia shangazi.

Sababu ya pili ni ya kwako peke yako.

Naijua nyumba yetu, mama. Naijua tumbaku ya baba inavyoning'inia juu ya jiko ikikauka. Nalijua lile jiko jioni, shangazi na yake, wewe na yako, na hadithi. Nilikuwa nafikiri naogopa moshi wenu kwa ajili ya mtoto, na kweli naogopa, nesi amesema hata moshi wa mtu mwingine unamfikia. Lakini kinachonitisha zaidi si ninyi. Nikija, jioni ya kwanza utanikuta nimekaa kwenye kile kigogo. Utakuja na magoti yako, utakaa, utatoa moja, utawasha, utanipa nusu kama siku zote, na hutasema kitu kwa sababu sisi tukiwa pale hatujawahi kuhitaji kusema kitu. Na mimi nimeweza kumkatalia mlinzi wa stoo, nimeweza kuwakatalia wateja wote wa stesheni, lakini mkono wako siwezi. Najijua. Hilo ndilo nililolinyamazia kwenye simu.

Mama, njoo wewe.

Njoo mwezi wa nane mwanzoni, Elia akupandishe gari Singida mjini, Baba Neema atakusubiri huku. Najua ni kinyume, binti ndiye anayekwenda kwa mama yake, na shangazi atasema Rehema siku hizi anakula asali kamsahau aliyemzaa. Akisema hivyo mwambie mtandao umekata.

Nimekutengenezea pa kukaa. Baba Neema amepiga benchi nje, nyuma ya bafu, upande ambao upepo unapeleka kwenye vichaka na siyo ndani. Sikuambii uache, mimi ni nani wa kukuambia. Nakuomba tu uvute huko, na ukimaliza ubadili kanga, unawe mikono, usukutue mdomo, ukae kidogo, ndiyo uje umchukue mtoto. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu na kuifuta, kumwambia mama yangu anawe. Nimeiacha. Usiku utalala na mimi na mtoto kama tulivyolala na Daudi, nani mwingine nitamwamini. Na ikitokea ukajisikia kujaribu kuacha, siku ya tatu nitakuwa karibu, na mwiko nitauficha.

Jioni tutakaa wapi na tutakaaje bila kuwasha, hapo sijui. Hilo limenisumbua kuliko choo kufunga. Labda tutaongea. Labda utanisimulia wale watatu, hujawahi kunisimulia, hata majina yao hatujawahi kuyataja.

Barua hii naipeleka kwa Mama Shabani, yule mama wa Singida anayefuata asali huku, ni mtu mzuri, atampa Elia sokoni. Amebeba na mzigo wako. Kuna chupa ya asali, ni ya ile ndoo ya pili, nzito, nimekuchagulia mwenyewe. Lamba kidogo asubuhi kabla hujavuta, useme unasikia nini nyuma ya utamu. Usiposikia kitu usihuzunike, na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Na kuna kikopo cha bibi. Nilitaka nikirudishe na asali ndani, kirudi na kitu kama inavyotakiwa, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nimekiosha kwa jivu, nikakiosha kwa maji ya moto, nikakianika siku tatu juani. Bado kinanuka. Asali ningeiharibu. Kwa hiyo nakirudisha kitupu, nisamehe, mama, si dharau. Kiweke tu pale kilipokuwa.

Nisalimie baba, mwambie mjukuu anapiga teke kama ndama wa yule ng'ombe wake mweusi. Nisalimie Elia na mkewe, wamfunike yule mdogo kifua na baridi hii. Nisalimie shangazi Paulina kwa heshima zote, hata kama atakuwa anasoma begani kwako, shikamoo shangazi. Msalimie katekista na mama mwenye mashine ya kusaga, na yule kuku wangu mwenye shingo tupu, kama bado yupo, asichinjwe kabla sijamwona.

Nakusubiri kuliko ninavyosubiri uchungu.

Ni mimi mwanao,
Rehema, Mama Neema.

Neema amesimama hapa anasoma ninavyoandika, ameuliza bibi akija nani atakuwa anamwashia. Nimemwambia bibi atajiwashia mwenyewe, huko huko nje, na yeye atakaa ndani na mimi amshike mtoto.